Kitanda Yako Iko

Siasa ya mama yangu niliijua kwanza kwa matope. Alikuwa mjane wa Kihindu, na mjane wa Kihindu siku hizo alivaa sari nyeupe tupu, isiyo na ua wala pindo la rangi, na Thika ni mji wa udongo mwekundu. Kila mkutano aliohudhuria na kila ua aliopita kuomba kura ulirudi nyumbani umejichora kwenye pindo la sari yake. Yaya alikuwa akitazama pindo hilo kabla hajamtazama usoni. Kisha alichukua karai, sabuni ya mche na buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, akainama kwenye bomba la uani, akasugua. Wakija watu leo kunisifia jinsi mama yangu alivyokuwa msafi katika siasa, huwa nawakatiza niwaambie habari za karai lile. Hawapendi.

Nyumbani tulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama mzazi. Tulikaa nyuma ya duka letu: mbele vitambaa, majembe na mafuta ya taa, katikati vyumba vya familia, na mwisho wa ua chumba cha yaya chenye dirisha linalotazama choo. Yaya alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru. Alinibeba mgongoni, akanilisha, akanifunza Kiswahili hiki ninachokiandika. Kikombe chake cha bati kilining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, kwa sababu ndani hakikuruhusiwa kuingia. Hakuna aliyekiona kikombe hicho kuwa jambo. Hata mimi nilikipita tu, mwaka baada ya mwaka, nikienda kucheza.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu Ba aliposhikwa na uchungu wa mtoto ambaye angekuwa mdogo wangu. Thika hapakuwa na kitanda cha kuzalia kwa mwanamke wa Kihindi. Vya Wazungu vilikuwa vya Wazungu, na vya Waafrika watu wetu hawakutaka hata kuvisikia. Ulizalia nyumbani na bibi kizee wa jamii, au ulishika barabara ya Nairobi ukaomba Mungu. Bibi kizee alimpapasa Ba tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya. Baba akawasha gari. Yaya akapanda nyuma na Ba, mimi nikakaa mbele, na kabla hatujafika daraja la Ruiru, Ba akakishika kiti cha baba kwa nyuma na kusema hawezi tena.

Baba alisimamisha gari kando ya mashamba ya kahawa, akashuka, akatupa mgongo. Yaya ndiye aliyempokea mtoto. Alimfunga kwa leso yake mwenyewe, akampigapiga, akampulizia puani, akamsemesha kwa Kikuyu. Mtoto hakulia. Ba alinyoosha mikono akamwomba ampe.

"Bado, mama," yaya akasema. "Bado kidogo."

Hakuwa anamnyima. Alikuwa bado anajaribu. Alijaribu mpaka baba akaja kumshika bega, ndipo akampa Ba mtoto wake, akaenda kusimama kwenye mibuni peke yake. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono kwa kuwa leso yake ilikuwa na mtoto.

Mwaka uliofuata homa ilimchukua baba. Wanawake wa jamii walikuja, wakazivunja bangili za Ba moja baada ya nyingine kwenye fremu ya mlango, wakamfuta alama nyekundu ya paji la uso. Tangu siku hiyo akawa mtu wa mkosi. Ukitoka kwenda safari, harusi au kufungua duka jipya, na wa kwanza kukutana naye njiani akawa mjane, ulirudi ndani, ukanywa maji, ukaanza upya. Nimewaona kwa macho yangu wanawake waliokunywa chai kwetu juzi wakimwona Ba kona na kugeuza sandali zao. Ba aliwaona pia. Alikuwa akiwaamkia kwa sauti kubwa makusudi, ili wajue kwamba amewaona.

Ndugu za baba walitaka kumrudisha Gujarat akamalizie siku zake kwenye kona ya nyumba ya shemeji. Aliwaambia meli iko Mombasa, anayetaka kupanda apande. Alibaki nyuma ya kaunta na kijiti chake cha kupimia vitambaa, na hakuna aliyethubutu kumpunja. Lakini ile barabara ya Nairobi haikumtoka moyoni. Mteja angeuliza bei ya kitambaa cha marekani, Ba angemuuliza mkewe alizalia wapi. Kwa hiyo palipotokea kiti cha Wahindi kwenye baraza la mji, akasema atakigombea, na mji mzima ukacheka mpaka ukachoka.

Waliokitaka kiti kile walikuwa wanaume wawili, mwenye kinu cha mafuta na muuza mbao. Wao walifanya kampeni kwa hotuba. Ba aliifanya kwa papadi. Papadi ni vile vikate vyembamba vya unga wa dengu ambavyo mama zetu walivisukuma pamoja uani, wakavianika juu ya mashuka juani. Ni kazi ya kutwa, na hakuna mwanamume anayesogea karibu, maana akisogea atapewa mti wa kusukumia. Ba aliketi kwenye mikeka hiyo, ua baada ya ua, akipitia vichochoro vya nyuma huku wanaume wamekaa madukani mbele wakijadili nani atashinda. Papadi za harusi hakualikwa, kwa sababu ya ule mkosi, basi alingoja harusi iishe ndipo aende. Kwa Makalasinga alimenya vitunguu katika jiko la hekalu lao. Kwa Waislamu alichambua mchele. Kote aliuliza swali lilelile, ulizalia wapi, na kote alipata mwanamke aliyeacha kazi iliyo mikononi na wenzake wakamshika mkono.

Siku ya kura wanaume waliwapakia wake zao kwenye magari, wakawafunza njiani jina la kuchagua. Wanawake wakajifunika vichwa, wakaitikia kwa heshima, wakaingia, wakampigia kura mjane. Wapiga kura wa Ba waliletwa kwa petroli ya wapinzani wake. Sijawahi kuiona furaha nyingine kama ya yaya jioni ile, alicheka mpaka akaketi chini. Kesho yake mwenye kinu alimwona Ba barabarani, akageuza gari.

Kwenye baraza walimketisha mwisho wa meza. Kikao cha kwanza Mzungu mmoja alimwomba amimine chai, naye akajimiminia yake tu, akarudi kuketi. Aliporudi nyumbani na kutusimulia, yaya alimwomba aisimulie tena, na Ba akaisimulia tena.

Basi hii ndiyo sehemu watu wanayoipenda, na ingekuwa ni juu yao ningeishia hapa.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Watu wa yaya walikuwa wameondolewa walikokaa na kurundikwa kwenye kijiji kipya upande wa Gatongora, kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa, chenye lango moja na askari wa kijiji mlangoni. Jua likizama hakuna anayetoka. Mume wa yaya alikuwa akikata mkonge huko Ngoliba na alikuja nyumbani anapopewa ruhusa. Yaya aliposhika mimba alikwenda kijijini kuzaa karibu na mama yake, kama desturi yao. Uchungu ulianza magharibi. Mama yake alikwenda langoni kuomba wafunguliwe wampeleke kwa mkunga, na askari, kijana aliyekua na yaya, akamwambia sheria ni sheria. Kulipopambazuka lango lilifunguliwa, na hapakuwa na haja tena.

Alirudi kwetu maziwa yakimdondoka kifuani na hana wa kunyonyesha. Siku ileile alichukua karai. Ba alitoka dukani, akaja akaketi kwenye lile jiwe la kufulia, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiketi maishani mwangu. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha dukani, alikisema hivyohivyo hata barazani.

"Ikikuja ingine, wewe hapana enda kule," alimwambia. "Mimi najenga nyumba ya kuzaa hapa Thika. Kitanda yako iko."

"Yangu mimi?" yaya akauliza. "Na hao wengine watakubali?"

"Memba ni mimi. Wewe ulishika mtoto yangu barabarani. Kitanda yako iko."

Yaya aliendelea kusugua, lakini niliona amesikia. Alikuwa amemwona mwanamke huyu akiwashinda wanaume kwa unga wa dengu. Kwa nini asimwamini? Mimi mwenyewe niliamini, na jioni nikienda kulala nilikuwa nikikifikiria kitanda hicho, kina rangi gani.

Baraza lilitoa kiwanja. Nyumba yenyewe ilibidi ijengwe kwa michango ya jamii, na michango ya jamii ikaunda kamati, na kamati ikaja kuketi sebuleni kwetu. Mimi ndiye niliyepeleka chai. Mwenye kinu, yule aliyeshindwa, alikuwa amejituliza na kuwa mtu wa hisani. Alisema atajenga yote yeye, kuta, paa, vitanda na mkunga wa kulipwa. Alikuwa na mambo mawili tu. Jiwe la ukutani liwe na jina la baba yake marehemu. Na nyumba iwe ya wanawake wa Kihindi peke yao.

"Tukimwingiza mmoja wao, kesho wataingia wote," alisema. "Na siku hizi, nani anajua mume wake yuko wapi na anafanya nini?"

Wote wakamtazama Ba, kwa sababu wote walijua huyo mmoja ni nani. Dirisha la sebule lilifungukia uani. Yaya alikuwa akianika sari nyeupe kwenye kamba, ameinua mikono, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana tena. Ba hakugeuka dirishani. Alikitazama kikombe chake. Mwenye kinu alipouliza wanaokubali, mikono ikapanda, na wa Ba ukapanda nayo, si wa kwanza, si wa mwisho, katikati tu, pale ambapo mtu huutia mkono wake akitaka usionekane.

Walipoondoka nilimkabili. Sisi wawili tulisema Kigujarati, na kwa Kigujarati Ba hakuwa mtu wa kubabaika.

"Umemuuza," nilimwambia.

"Nimejenga. Kura yangu moja ingezuia nini? Ningekataa, pasingekuwa na nyumba ya mtu yeyote, na wewe siku yako ungezalia kwenye gari kama mimi. Kwanza ukuta, mlango nitaupanua baadaye."

"Na yeye utamwambia lini?"

"Nitamwambia mwenyewe. Ni neno langu na yeye, usiliingilie."

Nilidhani atamwambia kesho yake. Nilimjua kama mtu asiyeogopa kusema, aliyewaamkia kwa sauti wale waliomkwepa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa jasiri mbele ya adui zake wote na akamwogopa mfuaji wake.

Kuta zikapanda. Vitanda vilikuja kwa lori, vya chuma, vimepakwa rangi nyeupe, na yaya alikwenda kuvitazama akitoka sokoni. Alirudi ameshachagua. Alikitaka kile cha dirishani, kinachopata jua la asubuhi. Aliwaambia wauza viazi. Aliwaambia wanawake wa kijijini kwake, na wao, alinisimulia akicheka, walimwambia ameanza kuota mchana. "Wewe utaona, mwari wakwa," aliniambia, na mwari wakwa kwa Kikuyu ni binti yangu. "Wataona hao." Nikamtazama Ba aliyekuwa karibu, akikunja kitambaa. Aliendelea kukikunja.

Siku ya ufunguzi Ba aliamka mapema, akaisugua mwenyewe taa ya shaba kwa majivu na limau. Kwetu hakuna jengo linalofunguliwa bila taa kuwashwa, na nyumba ile ilikuwa yake kwa kila kitu isipokuwa jiwe. Aliandaa maneno kwa Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili. Yaya, mimba imemjaa, alikuwa ameifua sari ya Ba mara mbili kwa buluu. Ilimeta hata ikaumiza macho. Sikuwa nimemwona Ba akijitazama kwenye kioo tangu baba afe, na siku ile alijitazama.

Tulipofika, wanawake watatu wakamvuta kando, karibu na pipa la maji nyuma ya viti. Niliwajua. Niliwahi kuchukua mashuka ya papadi kutoka nyuani kwao.

"Ben, usituelewe vibaya," mmoja alisema, akimwita dada kwa Kigujarati. "Hii ni nyumba ya kuzalia. Taa ya kwanza yafaa iwashwe na mwenye mume."

"Nani amesema? Mwenye kinu?"

"Ni sisi."

Ba alikuwa ameishika taa kwa mikono miwili. "Nyinyi mlionichagua?"

"Kura ni kura, ben. Hapa ni watoto wetu."

Mwingine akaipokea taa kutoka mikononi mwake, taratibu, kwa adabu zote. Ilipelekwa mbele kwa mke wa mwenye kinu, mwanamke aliyezalia watoto wake wote Nairobi katika chumba cha peke yake, na ambaye sikuwahi kumsikia akitamka neno kuhusu barabara ile. Akawasha. Watu wakapiga makofi. Mumewe akasema maneno marefu juu ya baba yake. Yale ya Ba, ya lugha tatu, sijui alikwenda kuyatia wapi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani, kwa sababu huyu aliyeonewa mbele yangu nami nilikuwa na kesi naye.

Alibaki amesimama kando ya pipa. Aliyekuwa naye pale nyuma, zaidi yangu, ni yaya tu, aliyekuja kubeba viti.

"Hata wewe, mama?" yaya akamuuliza polepole.

Ba aligeukia jengo. Mbele milango ilikuwa imefunguliwa, na kutoka tulipo ulikiona kitanda cha dirishani na shuka lake jipya. Yaya akaweka mkono tumboni.

"Ile ndiyo yangu, si ndiyo? Ile ya dirisha."

"Bado," Ba akasema.

"Bado nini?"

"Sheria yao hiyo. Sasa ni ya Muhindi peke yake. Mimi nitabadilisha. Wewe ngoja kidogo."

Yaya alimtazama. Sikuona hasira usoni pake, na afadhali ningeiona. Alikuwa akimsoma Ba kama mtu anayesoma uso wa mgonjwa.

"Mimi naweza ngoja, mama," akasema. "Lakini hii haiwezi."

Jioni, nyumbani, Ba alijaribu kutengeneza. Alimfuata yaya chumbani kwake, akasimama mlangoni, akamwambia azalie pale kwetu, ataitiwa mkunga, atalala ndani ya nyumba yenyewe. Yaya alikuwa akifunga nguo zake kwenye leso.

"Ndani?" akasema. "Kikombe yangu iko nje miaka hii yote, mama. Mtoto nitaweka wapi?"

Akaifunga leso fundo, akanishika kichwa mimi, akaondoka kwenda Gatongora. Ba alisimama pale mlangoni mwa chumba kitupu. Asubuhi nilikuta kikombe kimetolewa msumarini, kiko ndani, kwenye rafu pamoja na vyombo vyetu. Nilikaribia kukitupa barabarani.

Hazikupita wiki nyingi. Dada mdogo wa yaya aliingia dukani mchana, akaomba marekani nyeupe. Ba akashusha gora la kitambaa, akachukua kijiti chake, akauliza kiasi gani. Yule msichana akaonyesha kwa mikono. Alionyesha kidogo sana. Mwenye duka la vitambaa anajua kila kipimo ni cha nini, shati ni hiki, gauni ni hiki, na kile alichoonyesha hakikuwa cha kitu chochote cha mtu aliye hai. Ba alipima. Alikata zaidi ya alichoombwa, na msichana akaomba akatiwe kilekile alichosema, kisizidi. Hakutaka cha bure. Alipotoka, Ba aliingia chumbani, akajifungia, na mimi nikasimama kaunta kuuzia watu mafuta ya taa.

Kuanzia hapo alijifulia sari mwenyewe. Hakujua buluu inatiwa kiasi gani, na pindo la chini halikuwahi kutakata tena sawasawa. Alikwenda barazani hivyohivyo. Ningependa kuandika kwamba aliacha siasa, au kwamba aliigeuza dunia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kwenye kamati alileta hoja ya kuifuta ile sheria, ikakataliwa. Akaileta tena, ikakataliwa, na mwenye kinu akimkumbusha kwa upole kwamba mkono wake ulikuwa miongoni mwa iliyoipitisha. Alipata bomba la maji kwa mtaa wa Majengo. Alipata taa za barabarani. Anayepita pale usiku na kuona njia, amshukuru.

Yaya hakurudi kwetu. Lakini mkonge wa Ngoliba ulimwachisha mumewe kazi, na Ba, aliposikia, akamtafutia yaya kazi katika ile nyumba ya kuzalia. Kufua mashuka, kusugua sakafu, kutandika vitanda. Ba alijivunia jambo hilo, ndilo lililonichoma zaidi. "Angalau mguu mmoja umeingia mlangoni," aliniambia. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria mwanamke yule anatandika kitanda gani kila asubuhi. Akanijibu kwamba siasa haifanywi na watu wenye moyo mwepisi kama wangu. Yaya aliichukua kazi, kwa sababu walihitaji kula.

Niliolewa Ruiru, kwa familia yenye duka karibu na stesheni. Siku ya harusi yangu Ba alikaa jikoni wakati wa ibada zote, na shangazi alisimama mahali pake. Nilipopata uchungu wangu wa kwanza, gari lilikimbia upande wa pili wa barabara ileile, kutoka Ruiru kuja Thika, na tulipopita yale mashamba ya kahawa nilifumba macho. Nilifika salama. Nilitendewa vizuri na mkunga hodari, kwenye shuka safi, nikazaa msichana aliyelia hata kabla hajatoka sawasawa. Kitanda kilikuwa kile cha dirishani. Hakuna aliyenichagulia, ndicho kilichokuwa kitupu.

Yaya alimwogesha mtoto. Hakusema mengi, alinishika kichwa kama zamani. Mama mkwe wangu alitoa amri yake kabla ya kwenda kula: mjane asimwone mtoto mpaka ibada ya siku ya sita ipite. Kila mtu mle ndani aliijua desturi hiyo, na Ba aliijua kuliko wote. Alikuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, memba wa baraza, mbele ya nyumba aliyoipigania yeye. Kupitia dirishani niliiona sari yake.

Baada ya mama mkwe kuondoka, Ba aliinuka akaja mlangoni. Mkunga alikuwa chumba cha pili. Yaya ndiye aliyekuwa na mtoto mikononi, na hakuna mtu wa kumzuia kufanya apendalo.

"Nipe nione," Ba akasema. Alisema kwa sauti ndogo sana, na alikuwa amenyoosha mikono. "Kidogo tu. Nani ataambia wao?"

Yaya alimtazama. Nikangoja nione atafanya nini, na nilijua kwamba chochote atakachofanya, mimi sina la kumwambia.

"Bado, mama," yaya akasema. "Bado kidogo."

Akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika. Akaja akanilazia binti yangu kifuani, akanyoosha shuka pembeni mwa kitanda kama anavyonyoosha kila asubuhi, akachukua ndoo yake akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nalia na sikujua namlilia yupi kati yao. Nje ya dirisha Ba alirudi kwenye benchi, akaketi, akakunja pindo la sari yake ili matope yasionekane.